Mto wa Bibi Nyuzi

Mtu akipofuka, mtaa mzima huona. Atashikwa mkono akivuka barabara, atasogezewa kiti, na hata mwenye ulimi mkali ataulainisha mbele yake. Lakini moyo ukifa, nani atajua? Mwenye moyo uliokufa huamka asubuhi, hunawa uso, hufunga vifungo vya shati lake kimoja kimoja, na akiulizwa habari za leo hujibu "nzuri" kama watu wengine. Hakuna anayemshika mkono. Wahenga waliyaweka maradhi haya mawili kwenye mizani, wakaona moja ni zito kuliko lingine, wakatuachia usia. Hadithi hii ni ya nyumba moja iliyoyapata yote mawili.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na paa la bati, na upande wa nyuma ilikuwa na baraza pana. Hapo barazani kilisimama kitanda cha mfumi: miti minne mizito iliyounganishwa mraba, mirefu kuliko mtu, na kati yake nyuzi mia nne za mtande zimekazwa kutoka juu hadi chini kama nyuzi za zeze. Watoto wa mtaa walikiita kitanda kisicholaliwa. Mwenyewe alikuwa ajuza mjane wa miaka sitini na tisa, aliyefuma mazulia ya kutundika ukutani tangu ujana wake, hata watu wakalisahau jina lake wakamwita Bibi Nyuzi. Kazi zake zilitundikwa katika shule, katika ukumbi wa hospitali wanapongojea wagonjwa, na katika sebule za watu asiowajua. Hakupata kuwa tajiri, lakini pia hakupata kuomba chumvi kwa jirani.

Mungu alimjalia watoto wawili. Wa kwanza alikuwa binti, muuguzi, aliyeishi na familia yake upande wa pili wa mji. Wa pili alikuwa seremala, na si seremala wa kubahatisha. Kitanda kile cha mfumi alikitengeneza yeye, bila msumari hata mmoja, na watu walikuwa wakisema kwamba mlango uliowekwa naye haulii. Alikaa na mama yake, pamoja na mkewe na binti yao mdogo, na kwa miaka mingi sauti ya randa kutoka karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba na sauti ya kitana cha Bibi kikigonga nyuzi barazani zilijibizana mchana kutwa.

Kisha mkewe akaugua. Mwezi haukuisha, akafariki. Seremala alilitengeneza jeneza kwa mikono yake mwenyewe, akalipiga msasa mpaka likawa laini kama shavu. Waliporudi makaburini aliifunga karakana kwa kufuli, akaenda kutafuta kazi kwenye ghala la mbao. Huko alipewa kiti getini, awe anakagua mizigo inayotoka. Kanisani hakukanyaga tena. Jina la mkewe halikumtoka kinywani, na binti yao naye akajifunza kutomtaja mama yake mbele ya baba. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja sasa, na kwa wingi wa maneno Bibi alimpa jina la Chiriku. Ni mbele ya baba yake tu alipokuwa bubu.

Mwaka wa tatu baada ya msiba ule, macho ya Bibi yalianza kumtoroka. Upofu haukuja kwa kishindo. Ulikuja kama mgeni mwenye adabu: ukabisha hodi pembeni mwa jicho, ukasogea, ukakaa, na mwisho ukawa ndio mwenye nyumba. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho.

"Bibi, mshipa wa jicho ukifa haufufuki," alisema. "Ungekuja miaka mitano iliyopita, dawa zingekufaa."

"Miaka mitano iliyopita nilikuwa naona, daktari," Bibi akamjibu. "Ningekujia kutafuta nini?"

Daktari alicheka kidogo, kisha akajuta kucheka. Kwa Bibi mwenyewe mzaha ule ulikuwa wa mwisho kwa muda mrefu. Alirudi nyumbani, akalala akiuelekea ukuta, na wiki saba zikapita hajaligusa baraza. Alimwambia Mungu maneno ambayo asingethubutu kuyasema mbele ya mchungaji. Alimuuliza kwa nini hakuchukua miguu, maana miguu alikuwa haihitaji sana. Alimkumbusha kuwa kazi iliyokuwa kwenye kitanda cha mfumi ilikuwa yake Yeye: zulia kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafuma, la kutundikwa katika kanisa jipya lililokuwa likijengwa mwisho wa mtaa. Lilikuwa zulia la mto, na watu wakiuvuka mto huo kwenda ng'ambo. Kwa kuwa mfumaji huanzia chini, Bibi alikuwa ameshafuma ukingo na mwanzo wa maji. Watu walikuwa bado.

Muuguzi alikuja siku moja akakaa kando ya kitanda cha mama yake. Seremala alikuwa mezani ukumbini, mlango ukiwa wazi, mbele yake chai iliyopoa.

"Mama, utahamia kwangu," alisema muuguzi. "Chumba kipo, na mtu wa kukuangalia yupo. Chiriku naye atakuja. Ataanza shule ya kule."

"Na mdogo wako?" Bibi aliuliza.

Muuguzi alimgeukia ndugu yake. "Wewe unasemaje?"

"Mtakavyo," alisema seremala.

Neno lile lilimkata Bibi maini kuliko maneno yote ya daktari. Nyumba inavunjwa, mama anaondoka, mtoto wa pekee anachukuliwa, na mwanamume mwenye nguvu zake anasema "mtakavyo" kama mtu aliyeulizwa sukari kijiko kimoja au viwili.

Kesho yake asubuhi Chiriku aliingia chumbani kwa bibi yake akiwa na kitana mkononi. Shuleni alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele.

"Bibi, mwalimu kasema nisirudi na kichaka," alisema. "Baba hajui kusuka. Jirani ana mgonjwa. Nifanyeje?"

Bibi alitaka kusema haoni. Maneno yalifika kwenye ulimi, yakasita. Badala yake akaketi, akamwingiza mtoto katikati ya magoti yake, akazigusa nywele zile. Akagawa. Akashika mafungu matatu, akaanza. Vidole vyake havikuwa vimeambiwa kwamba macho yamekufa. Vilikwenda vyenyewe kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, vikarudi, vikaanza mstari mwingine. Alipomaliza, Chiriku alikimbilia kioo, akageuza kichwa huku na huku.

"Mistari imenyooka, Bibi. Imenyooka kuliko ulipokuwa unaona."

Bibi alibaki amekaa na kitana mapajani. Baadaye akainuka, akapapasa ukuta wa ukumbi, akapita mlango wa jiko, akatoka barazani. Akaiweka mikono yake miwili juu ya nyuzi za mtande. Zilikuwa na vumbi la wiki saba. Akaanza kuzihesabu kwa ncha za vidole.

Jioni ile alimpigia muuguzi simu. "Kanisa litafunguliwa baada ya miezi mitano," alimwambia. "Nikilimaliza zulia, nitakaa hapa hapa na mjukuu wangu. Nikishindwa, nitafungasha mwenyewe, na hamtanisikia nikinung'unika."

"Mama, utafumaje?"

"Kama ninavyosuka."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya. Bahati nzuri watu wa Bibi katika mazulia yake hawakuwa watu wa sura na kope. Siku zote aliwafuma kwa maumbo: kichwa mraba, mwili pembetatu, na mkao wa bega ndio ulioonyesha kama mtu ana furaha au amechoka. Maumbo yanahesabika. Kichwa nyuzi nane, mabega nyuzi ishirini. Kwa rangi, Chiriku alimpangia mabonge ya uzi kwenye rafu yenye visanduku kumi na viwili, kutoka nyeupe mpaka nyeusi, na Bibi akaukariri mpangilio ule kama alivyokariri sala.

Chiriku akitoka shule alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumsemesha bibi yake mpaka jua likatua.

"Bibi, ukifuma unawaza nini?"

"Zamani nilikuwa nawaza watu watasema nini wakiliona. Sasa nawaza waliomo."

"Na Mungu umemsamehe?"

Bibi alicheka. "Nani kakwambia tumegombana?"

"Nilikusikia. Ukuta wenyewe ni wa mbao."

"Basi sikiliza. Tumegombana sana mwaka huu, mimi naye. Lakini ugomvi ni wa watu wanaozungumza. Halafu nikakumbuka kitu. Yeye mwenyewe ni fundi, na siku alipoanza kazi yake kulikuwa na giza tupu. Taa aliiwasha baadaye. Kwa hiyo giza si sababu ya fundi kuacha kazi."

Chiriku aliligeuza neno hilo kichwani. "Na hizi nyuzi za kusimama, mbona hazionekani ukimaliza?"

"Hizo ni ndugu, mjukuu wangu. Huzichagui, unazikuta zimekazwa. Kazi yako ni kupita katikati yao, huku na huku, bila kukata hata mmoja."

Mwezi wa pili kazi iliingia doa. Chiriku alikuwa kwenye mitihani, akiondoka alfajiri na kurudi jioni hoi. Muuguzi, ambaye mikono yake haikuweza kuacha kitu kikae ovyo, alikuja kumsaidia mama yake usafi. Aliosha vyombo, akapiga deki, akapangusa rafu na kuyarudisha mabonge ya uzi katika visanduku, makubwa na makubwa yenzake, madogo na madogo. Bibi hakujua. Alifuma siku tatu mfululizo, na mkono ulikuwa mwepesi kweli kweli.

Siku ya tatu ikaja kamati ya kanisa: mchungaji, na katibu wa kamati, mwalimu mstaafu aliyezungumza na kila mtu kama mtu aliyechelewa darasani. Walisimama mbele ya kitanda. Bibi alikisikia kimya chao, na hakukipenda. Papo hapo Chiriku akaingia na begi lake la shule.

"Bibi," alisema taratibu, "mto umekuwa mwekundu."

"Mwekundu kiasi gani?"

"Kama nyanya."

Bibi alikaa juu ya kigoda chake. Katibu alikohoa. "Bibi, hakuna anayekulaumu," alisema. "Lipo duka la uchapaji linaloweza kutuchapia bango la plastiki. Mto upo, watu wapo, kila kitu kipo. Wewe umeshafanya mengi. Pumzika sasa."

Bibi alikuwa mtu mzima, na alijua kwamba akufukuzaye hakwambii toka. "Mwalimu," alisema, "hilo bango lenu likikosewa rangi, linafumuka?"

"Halifumuki."

"Langu linafumuka. Nipeni mpaka wiki ya mwisho. Mkija mkaukuta mto una homa tena, chapeni bango lenu."

Mchungaji alishindwa kujizuia, akacheka, na kucheka kwake kukawa ndiyo ruhusa. Muuguzi aliposikia yaliyotokea alilia kwa aibu. "Nilitaka tu kupanga, Mama."

"Ulipanga vizuri sana, mwanangu," Bibi akamjibu. "Ndiyo maana sikushuku kitu." Kisha akaanza kufumua, mstari baada ya mstari, siku tatu za kufuma zikageuka siku nne za kufumua.

Muda wote huo seremala alipita barazani asubuhi na jioni. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba." Na hapo mazungumzo yao yakaisha.

Siku moja, Bibi akiwa anazikaza nyuzi, boriti ya juu ya kitanda ililia ikapasuka. Aliungoja mlio wa lango.

"Mwanangu, boriti imepasuka," Bibi alimwambia seremala alipoingia.

"Nitakuletea fundi."

"Fundi ninaye."

"Hapana, Mama. Mimi nakaa getini."

Fundi akaletwa. Alikuja na nyundo na misumari mirefu, akagonga nusu saa huku akiimba, akaondoka akisema boriti ile haitoki mpaka kiama. Na kweli haikutoka. Lakini upande mmoja aliushusha, na nyuzi za upande huo zikalegea. Bibi alihisi ulegevu, ila aliulaumu mkono wake. Akasema uzee nao umeomba zamu, akaendelea.

Jumamosi moja seremala hakwenda kazini. Alikunywa chai kwenye mlango wa jiko, na kwa kuwa mlango ule ulitazamana na baraza, hakuwa na pa kuyaficha macho. Mama yake alikuwa akifuma, mgongo wake umemwelekea. Seremala alitazama, akageukia bustani, akatazama tena. Kikombe akakiweka chini.

"Mama, mistari imelala."

"Imelala vipi?"

"Upande wa kulia umeshuka vidole viwili. Labda zaidi. Tangu pale maji yanapoanza kupanda."

Bibi alisimamisha mikono. "Mimi sioni, mwanangu," alisema. "Anayeona ni wewe."

Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwa kulalama. Alisema kama mtu anayetaja saa. Kisha akaendelea kufuma mistari ile ile iliyopinda, na seremala akaisikia kila pigo la kitana kama mtu anayesikiliza mlango wake mwenyewe ukilia. Alivumilia pigo la kumi. La ishirini hakulivumilia. Aliinuka, akashuka uani. Ufunguo wa karakana alikuwa hajui uliko, akalivunja kufuli kwa jiwe.

Ndani, hewa ilikuwa nzito. Msumeno ulikuwa umeshika kutu, na mchwa walikuwa wamekula mguu wa meza. Sakafuni zilikuwapo bado takataka za randa za kazi yake ya mwisho, zimejikunja, zimegeuka rangi. Alisimama juu yake muda mrefu. Kisha akachukua ufagio, akazifagia upande mmoja bila kuzitupa, akatoa randa, patasi na pimamaji, akakaa mlangoni kuvinoa.

Kazi ilimchukua siku mbili. Aling'oa misumari ya yule fundi mmoja mmoja. Akaziegemeza nyuzi za mtande kwa ubao wa muda ili zisikatike, akachonga boriti mpya, akaipandisha taratibu huku Chiriku akishika upande wa pili na kuziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono. Tone la hewa la pimamaji lilipotulia katikati, alipumua.

"Sasa imenyooka," alisema. "Ile sehemu iliyolala nikusaidie kufumua?"

Bibi aliipapasa sehemu ile kwa viganja. "Iache. Hapo ndipo maji yanapokwenda kasi."

Seremala alikusanya vifaa vyake aondoke, lakini mama yake alikuwa bado ana neno.

"Kaa kidogo. Nimefika kwenye watu, wale waliotutangulia. Wa kwanza ni baba yako, huyo namjua hata nikiwa nimelala. Wa pili na wa tatu ni wazazi wangu. Wa nne ni mama Chiriku."

Seremala alibaki amesimama.

"Tumekaa nyumba moja miaka tisa," Bibi aliendelea, "na nimegundua sikumtazama vizuri. Nilikuwa natazama chungu kama kimechemka, natazama nguo kama zimekauka. Sasa nataka kumfuma na sijui alisimamaje. Wewe ulimtazama. Niambie."

"Mama, usinifanyie hivyo."

Bibi alichukua bonge la uzi, akalishika tu. Nje muuza mkaa alipita akipiga kelele, akatokomea. Kanda ya kupimia ilikuwa mkononi mwa seremala, naye aliivuta na kuirudisha, akaivuta na kuirudisha.

"Alikuwa anasimamia mguu mmoja," alisema hatimaye. "Mguu wa kushoto. Ule mwingine aliupumzisha, kama mtu anayengoja kitu ambacho hana haraka nacho."

"Bega je?"

"La kulia liko juu kidogo."

"Nyuzi mbili au tatu?"

Seremala alifumba macho. "Mbili. Na akicheka aliziba mdomo, kwa sababu ya ule mwanya wa meno. Nilimwambia mara mia asizibe. Aliziba tu. Hospitalini, siku ile ya mwisho, alicheka kitu alichosema mgonjwa wa kitanda cha pili, hakuziba. Nikajua hana nguvu ya kuinua mkono."

Akaketi juu ya ndoo ya Chiriku, akalia. Alilia kama mtu asiyejua inafanywaje, kwa vipande. Mama yake hakumwambia nyamaza. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuhesabu: nyuzi nane za kichwa, bega moja juu ya lingine kwa nyuzi mbili.

"Nina hasira naye, Mama," alisema seremala baadaye. "Na Huyo wa juu."

"Basi mwambie. Mimi nilimwambia wiki saba, na hakunipiga radi. Hasira anaipokea. Wewe mwanangu hukumkasirikia, ulimnyamazia, ukatunyamazia na sisi."

Hapo ndipo walipotambua kwamba Chiriku yupo kizingitini. Alimtazama baba yake, akamtazama bibi yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, mama alikuwa anapenda rangi gani?"

Seremala alimnyoshea mkono, mtoto akaja. "Manjano," alisema. "Lakini si manjano yoyote. Manjano ya kitu kilichoiva."

Chiriku akaenda kwenye rafu, na baba yake akamfuata. Walibishana pale kwa muda, bonge hili si lenyewe, hili limepauka, mpaka wakakubaliana. Bibi alilipokea bonge lile, akalifuma bila kuuliza lipoje.

Tangu siku hiyo baba na binti walikaa barazani kila jioni, yeye akitaja habari za mkewe, ndogo ndogo na zisizo na mpangilio, naye mtoto akizidaka kama mtu aliyekuwa na kiu. Wiki ya mwisho kamati ilikuja. Katibu alilikagua zulia kwa miwani na bila miwani. Alipofika kwenye mwanamke wa manjano, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la nne, alivua miwani akaikunja. Bango halikutajwa tena.

Siku ya kufungua kanisa, wanaume wanne walilibeba zulia mabegani kama mashua iliyopinduliwa. Seremala alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametengeneza mti wa kulitundikia, akaupandisha mwenyewe juu ya ngazi, akashuka, akatoka nje. Ibada ilipoanza alikuwa amesimama uani, mikono mfukoni. Kwaya iliimba wimbo wa kwanza, naye yuko nje. Katikati ya wimbo wa pili, Chiriku aligeuka akamwona anaingia kwa kunyata, anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu asiyetaka kuahidi kitu. Alimnong'oneza bibi yake. Bibi aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kuimba.

Baada ya ibada watu walimzunguka Bibi. Mama mmoja alimshika mkono, akamwambia kwa huruma, "Pole, Bibi. Kazi nzuri namna hii, na wewe huwezi kuiona."

"Asante, mama," Bibi alimjibu. "Macho yameniuma kuyakosa, siwezi kusema uongo. Lakini kulikuwa na mtu nyumbani kwangu aliyekuwa na macho yake mawili na haoni chochote. Yule ndiye niliyemlilia zaidi."

Muuguzi aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya mama yake. Habari ya kuhama hakuirudia. Alisema tu kwamba kile chumba, basi, atakifanya stoo, na Bibi akamwambia akipange vizuri, lakini asimwambie yeye nini kimekaa wapi.

Bibi Nyuzi aliishi miaka sita zaidi, akafuma mazulia mengine manane. Hakupata kuona hata moja. Karakana haikufungwa tena kufuli, na kiti cha getini kwenye ghala la mbao kilipata mtu mwingine wa kukikalia. Seremala aliendelea kumkumbuka mkewe kwa maumivu, maana hakuna dawa ya hilo, lakini sasa aliweza kumtaja kwa jina mezani na bado akaimaliza chai yake ingali moto. Na wazee wa mtaa ule, wakimwona mtu amekata tamaa ilhali viungo vyake vyote ni vizima, humwelekeza kanisani akalitazame zulia la mto, kisha humwambia jambo ambalo nyumba ile ililijua kwa kulipitia: heri kufa macho kuliko kufa moyo.